Kabla Hujabeba Dodoso: Kujiandaa kwa Safari ya Utangulizi ya Utafiti Mbulu na Hanang

Hongera, umepata ufadhili wa utafiti. Barua inasema kabla hujaanza kukusanya data utagharamiwa wiki mbili za safari ya utangulizi kwenye eneo lako, na eneo lako ni Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Msimamizi wako amekwambia, "Nenda ukalione eneo kwanza." Basi. Hakusema ukalione vipi.

Wanafunzi wengi huitumia safari hii kwa njia moja kati ya mbili. Wapo wanaoifanya utalii wenye barua: wanapiga picha Mlima Hanang, wanasalimia ofisi mbili tatu, wanarudi chuoni. Na wapo wenye haraka, wanaobeba dodoso 50 "ili kuokoa muda" na kuanza kuhoji watu siku ya tatu. Wa kwanza wanapoteza hela ya mfadhili. Wa pili wana tatizo kubwa zaidi, maana data iliyokusanywa kabla ya kibali cha maadili haitumiki, hata iwe nzuri namna gani. Kamati ya maadili haitoi kibali kinachorudi nyuma.

Sasa, safari hii ni ya nini? Ni ya kuyapima maswali yako. Dodoso uliloandika ukiwa umekaa maktaba limebeba dhana nyingi ambazo hata hukujua umeziweka: kaya ni nini, ng'ombe ni wa nani, mtu ana umri gani, anawaza kwa lugha ipi, na akikuona wewe anamwona nani. Mbulu na Hanang karibu kila moja ya dhana hizo huyumba. Tuanze na hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo husahaulika zaidi.

Wewe si wa kwanza kufika

Chukua Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali, kwa msaada wa Canada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano kwenye nyanda za Basotu. Mashamba 7 yaliyokuwa chini ya shirika la umma la NAFCO yalifikia takriban ekari 100,000. Ardhi ile haikuwa tupu. Yalikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao ni kundi mojawapo la Wadatoga, na ndani yake mlikuwamo njia za mifugo na makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikakipa ushindi, kisha katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikautengua. Wanafunzi wa sheria nchini bado huisoma kesi hiyo.

Sasa wewe unatokea na kifaa cha GPS mkononi, unaweka alama kwenye kila boma, unauliza shamba lina ukubwa gani na mifugo hulishwa wapi. Kwako hayo ni "viambatanishi vya kijiografia". Kwa mzee aliyekaa chini ya mti akikutazama, ni picha anayoijua vizuri: watu wenye vifaa hupita kwanza, na trekta hufuata. Akikuuliza, "Kijana, umetumwa na nani?" hana ushamba wowote. Anauliza swali la kisayansi kuliko yako. Uwe na jibu la sentensi mbili, la kweli, lisilo na neno "mradi" kama huna mradi.

Au chukua Haydom, kwenye Wilaya ya Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway, na kwa miaka mingi sasa ni kituo kikubwa cha utafiti wa afya. Ilikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti wa MAL-ED, uliofanyika katika nchi 8 kuchunguza kwa nini watoto wa maeneo maskini hudumaa. Watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa, nyumba zao zikitembelewa mara mbili kwa wiki. Baadaye kukafanyika jaribio lililoitwa ELICIT, lenye watoto 1,188, kupima kama antibiotiki, dawa ya vimelea vya tumboni na vitamini ya kundi B vingesaidia watoto kukua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: urefu wa watoto haukubadilika. Hapohapo Haydom yakaota mizizi ya kazi ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua wanapozaliwa, ambayo baadaye ilienea hadi vituo 30 katika mikoa 5, Manyara ikiwamo, na mwaka 2025 ikaripoti kwamba vifo vya siku ya kwanza vimepungua sana.

Nakutajia haya ili ujue kwamba mama utakayemkuta huenda anajua utafiti kuliko wewe. Amewahi kusaini fomu ya ridhaa. Amewahi kuombwa kinyesi cha mtoto. Ana matarajio pia: mtafiti huja na mizani, huja na nauli ya kwenda hospitali, mtoto akizidiwa gari hufika. Kama utafiti wako hauna hata kimoja kati ya hivyo, mwambie mapema, kabla hajakupa kiti. Na katika safari hii ya kwanza kaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii uwaulize tafiti zipi zimepita, zilichukua nini, na nani alirudi kuleta majibu. Utashangaa jinsi orodha ya kwanza ilivyo ndefu na ya mwisho ilivyo fupi.

Kwa Wahadzabe wa Bonde la Yaeda hali hii imezidi. Ni watu elfu moja na mia kadhaa tu, lakini tangu James Woodburn alipoanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, wamepimwa karibu kila kitu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake waliripoti kwamba Wahadzabe, pamoja na kutembea kutwa nzima, hutumia nishati kwa siku sawa na Wazungu wa mijini ukizingatia ukubwa wa mwili. Matokeo hayo yalibadilisha namna wanasayansi wanavyofikiri kuhusu mazoezi na unene. Mwaka 2014 ukaja utafiti wa bakteria wa matumbo yao. Ni sayansi nzuri, sibishi. Lakini piga hesabu: watu wazima mia chache, na watafiti, waandishi wa habari na watalii wanaopishana mlangoni. Kabla ya kuwaweka kwenye andiko lako, jiulize kama swali lako linawahitaji wao kweli, au unawataka kwa sababu jarida litavutiwa na jina lao. Wasan wa Afrika Kusini walichoshwa na hali kama hiyo, na Machi 2017 wakatangaza kanuni zao wenyewe za maadili kwa watafiti: heshima, ukweli, haki na kujali. Zisome hata kama huendi kwao.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti huliacha nyuma bila kujua: maelezo yao. Huenda umewahi kusikia kwamba Wairaqw walitoka Iraki, ati jina lenyewe ndilo ushahidi. Ole Bjørn Rekdal, mwanaanthropolojia wa Norway, alifuatilia habari hiyo kwenye makala yake ya mwaka 1998 akaonyesha jinsi dhana za wasomi zilivyosafiri kutoka vitabuni hadi vijijini, zikarudi kwa mtafiti aliyefuata zikiwa zimevaa nguo za "mapokeo ya wazee". Nadharia tete ikageuka hadithi ya asili. (Rekdal huyohuyo ndiye baadaye aliyeandika kuhusu ile hadithi ya mchicha, chuma na nukta ya desimali iliyowekwa pasipo pake. Ana jicho kwa mambo haya.) Kwako maana yake ni hii: ukimweleza mwenyeji wako dhana yako kwa shauku sana wiki ya kwanza, usije ukashangaa kuikuta kwenye mahojiano mwezi wa sita ukaihesabu kuwa ushahidi.

Lugha nne, dodoso moja

Wanaisimu wanalipenda eneo hili kwa sababu ambayo mtafiti wa afya au wa kilimo huiona kama kero. Katika ukanda huu wa Bonde la Ufa hukutana lugha za koo kubwa zote nne ambazo wataalamu wa zamani walizigawia Afrika. Kiiraqw ni Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Kidatoga ni Kiniloti. Kinyiramba, Kirangi na Kimbugwe ni Kibantu. Kihadzabe kina sauti za kudonoa ulimi, na kwa kadiri tunavyojua leo hakina ndugu popote. Zamani kiliwekwa kundi moja na lugha za Wasan kwa sababu ya sauti hizo tu.

Wewe una dodoso la Kiswahili. Vijana watakujibu bila shida. Bibi wa miaka 70 naye atakujibu, kwa adabu, kwa Kiswahili cha sokoni, na utaandika jibu lililopita kwenye tundu dogo. Kama nusu ya walengwa wako ni wazee au wanawake wa mabomani, Kiswahili pekee kitakuletea upendeleo ambao hakuna programu ya takwimu itakayousahihisha.

Utaratibu unaokubalika ni tafsiri ya kurudi. Mtu mmoja anatafsiri dodoso kutoka Kiswahili kwenda Kiiraqw, mtu wa pili ambaye hajaona la mwanzo analirudisha kwenye Kiswahili, unalinganisha. Pale yanapotofautiana ndipo swali lako lina ugonjwa. Safari hii ndiyo nafasi ya kuwapata hao watu wawili, na walimu wa shule za msingi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa Kiiraqw una bahati: ipo sarufi ya Maarten Mous ya mwaka 1993, na kamusi ya mwaka 2002 aliyoiandika na Roland Kießling pamoja na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa Kidatoga kuna jambo la kukufanya usimame. Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala majina ya wakwe wengine kadhaa wanaoheshimiwa. Si majina tu: huepuka hata maneno ya kawaida yanayofanana nayo kwa sauti, na badala yake hutumia msamiati mwingine maalumu. Mwanaisimu Alice Mitchell aliueleza mfumo huu kwa kina katika kazi yake ya mwaka 2015. Sasa fungua ukurasa wa kwanza wa dodoso lako. Swali la 1: "Taja jina la mkuu wa kaya." Swali la 2: "Orodhesha majina ya wote wanaoishi hapa." Umemuuliza mkwe atamke jina ambalo hajalitamka tangu aolewe, mbele ya watu, kwa mgeni. Atanyamaza, au atacheka, au atakupa jina lingine. Wewe utaandika "hakujibu", na mwaka ujao ukirudi kuunganisha kumbukumbu, kaya haitaonekana.

Dawa yake ni rahisi ukiijua mapema. Majina muulize mtu mwingine wa boma, au mwenyekiti wa kitongoji, au tumia namba badala ya majina. Lakini huwezi kuijua ukiwa Dar es Salaam wala Arusha. Unaijua kwa kukaa na msichana wa Kidatoga aliyesoma, ukampitisha kwenye dodoso mstari kwa mstari, ukamwuliza: "Hapa mama yako angefanyaje?"

Na maadamu tunazungumzia majina: usiwaite watu "Wamang'ati". Ni jina walilopewa na Wamaasai, maana yake adui. Utalisikia kila siku ndani ya basi, tena kwa watu wema kabisa. Wenyewe ni Wadatoga. "Watindiga" nalo liache kwenye vitabu vya zamani, sema Wahadzabe.

Kaya, ng'ombe na umri

Takwimu za taifa huhesabu kaya kwa watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, chungu kimoja. Katika boma la Kidatoga mwanamume anaweza kuwa na wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, jiko lake na ng'ombe aliotengewa kukamua. Hiyo ni kaya moja au tatu? Kwa utafiti wa lishe ya watoto pengine ni tatu, maana chungu ndicho kinacholisha. Kwa utafiti wa mauzo ya mifugo pengine ni moja. Hakuna jibu sahihi la jumla. Kuna jibu linalofuata swali lako, na lazima liandikwe kabla msaidizi wako wa kwanza hajaanza kuhesabu, la sivyo kila msaidizi atahesabu lake.

"Una ng'ombe wangapi?" ni swali baya kwa sababu mbili. Ya kwanza utaielewa haraka: ni kama mtu asiyekujua akuulize benki una shilingi ngapi. Ya pili ni ya kisayansi zaidi. Kwa Wairaqw na Wadatoga ni kawaida kukabidhi ng'ombe kwa rafiki au ndugu anayeishi mbali. Mwenye kupokea anapata maziwa, mwenye mali anatawanya hatari ya ukame na ugonjwa. Kwa hiyo ng'ombe unaowaona zizini si wote wa mwenye zizi, na ng'ombe wake si wote wako zizini. Swali moja limebeba mambo matatu: wanaolala hapa, wanaokamuliwa hapa, na wanaomilikiwa. Amua unataka lipi. Mara nyingi ukiwa unatafuta kipimo cha maziwa ya mtoto, swali la umiliki hulihitaji kabisa, na kuliacha kutakupunguzia maadui.

Umri nao una namna yake. Mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa hakisii vizuri, atakwambia 40 au 50 au 60, na grafu yako itaota vilima kwenye kila mwongo. Watafiti hutumia kalenda ya matukio. Ulikuwa umezaliwa wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974? Ulikuwa umeanza shule wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979? Ulishaolewa wakati wa mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998? Mtoto wako wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya Mwalimu Nyerere kufariki, Oktoba 1999? Hiyo ni ya kitaifa. Uzuri wa safari ya utangulizi ni kwamba unaweza kukaa na wazee wawili watatu, kwa soda, ukaongeza ya kwao: mwaka bwawa lilipopasuka, mwaka zahanati ilipofunguliwa, mwaka wa ugonjwa mkubwa wa ng'ombe. Jioni mbili zinatosha, na kalenda hiyo utaitumia miaka yote ya utafiti wako.

Lipo tukio moja la Hanang ambalo usiliweke kwenye kalenda kama tarehe tu. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakapita Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Kama dodoso lako lina lile swali la kawaida, "Je, kuna mwanakaya aliyefariki katika miaka 5 iliyopita?", jua kwamba katika baadhi ya nyumba za Katesh hilo halijibiwi kwa alama ya vema. Andaa mambo mawili: ruhusa ya wazi ya kuruka swali, na jina la afisa ustawi wa jamii wa wilaya ambaye umeshazungumza naye na amekubali kupokea watu utakaowaelekeza kwake. Kumtafuta ofisa huyo ni kazi ya safari hii.

Hesabu ya barabara

Hapa wengi huona ni mambo ya dereva tu, kumbe ni takwimu. Watu wa kijiji kimoja hufanana: kisima kimoja, mnada mmoja, mvua ileile. Ukimhoji mtu wa 20 kijiji hichohicho, anakuongezea taarifa mpya kidogo kuliko alivyokuongezea wa kwanza. Wanatakwimu hurekebisha kwa kuzidisha ukubwa wa sampuli kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watu unaowahoji kila kijiji, na r ni kipimo cha jinsi wanavyofanana.

Tuseme hesabu ya kawaida ilikupa watu 400, na r ni 0.05. Ukihoji watu 20 kila kijiji, kizidishi ni 1.95, yaani unahitaji watu 780 katika vijiji 39. Ukihoji 10 kila kijiji, kizidishi kinashuka hadi 1.45: watu 580, lakini vijiji 58. Umepunguza mahojiano 200 na kuongeza vijiji 19. Ipi ni nafuu? Kitabu hakiwezi kukujibu. Inategemea saa ngapi zinapotea kati ya kijiji na kijiji.

Kwa hiyo katika safari yako andika muda, si kilomita. Arusha hadi Babati na Babati hadi Katesh ni lami, utasinzia. Ukiacha lami kuelekea vijijini, mambo ni mengine. Nyanda za Hanang zina udongo mweusi wa mfinyanzi, uleule uliowavutia wakulima wa ngano. Ukikauka hupasuka, ukilowa hunasa gari hadi kwenye ekseli. Msimu wa mvua huanza karibu na Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Njia ya dakika 40 mwezi Agosti inaweza kukukatalia kabisa mwezi Februari. Uliza bodaboda, usiulize ramani ya simu.

Na hapo hapo kuna mtego. Robert Chambers, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1983 jinsi wataalamu wanavyouona umaskini wa vijijini kupitia dirisha la gari: wanakaa karibu na lami, wanakuja kiangazi, wanaongea na wanaume na viongozi. Ukifika Mbulu mwezi Julai utakuta mahindi na maharage yamevunwa, watoto wameshiba, baba zao wana muda wa kuongea. Njaa, kama ipo, iko Januari hadi Machi, wakati akiba imekwisha na barabara imefungwa. Ufadhili wako pengine umekupangia Julai kwa sababu ndipo mwaka wa fedha wa mfadhili unapoanza. Hilo ni jambo la kumwandikia mfadhili mapema, ukiwa na ushahidi wa safari hii, na si kulificha kwenye aya ya "mapungufu ya utafiti".

Barua

Kwa ufupi, maana utalisikia sana. Kama wewe ni raia na unasoma chuo cha umma, kwa kawaida chuo chako hukuandikia barua ya kibali. Kama si raia, unapita COSTECH, kisha unaomba kibali cha ukaazi daraja C. Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili cha NIMR au cha kamati ya taasisi inayotambuliwa. Wanyamapori ni TAWIRI.

Barua hiyo unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Babati. Yeye anakuandikia kwenda wilayani, wilaya inakuandikia kwenda kata, kata kwenda kijiji. Kila ngazi ina masijala yake, na faili lina mwendo wake. Usipange zaidi ya ofisi moja kwa siku, na uwe na nakala kumi. Angalia kitu kimoja kinachowapotezea watu siku mbili nzima: Mbulu ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Vijiji vya Haydom na Yaeda viko chini ya Halmashauri ya Wilaya. Barua iliyoandikwa kwa mkurugenzi asiye wake itapokelewa kwa heshima zote, itagongwa mhuri, na haitakufikisha popote.

Kijijini mtafute Mtendaji, saini kitabu cha wageni, kisha omba akufikishe kwa Mwenyekiti. Usiruke kitongoji. Mhuri unakufungulia ofisi, lakini boma linafunguliwa na mwenyekiti wa kitongoji akisema, "Huyu namjua." Na hata akisema hivyo, ridhaa ya kiongozi haichukui nafasi ya ridhaa ya mtu mmoja mmoja. Asiyesoma anasomewa mbele ya shahidi anayemwamini yeye, si msaidizi wako, ndipo anaweka dole gumba.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Orodha ya majina kwenye simu yako bila nywila ni kosa, hata kama ni ya majaribio.

Mzigo

Mbulu iko juu na mwezi Julai usiku ni baridi kweli, chukua sweta. Yaeda iko chini na ina mbu; chukua chandarua. Benki ya simu, daftari lisilo la umeme, laini za mitandao miwili, pesa taslimu kidogo kwa siku ambayo wakala hana salio. Utakaribishwa maziwa. Maziwa mabichi yanaweza kukupa brusela, homa inayokaa miezi. Omba yaliyochemshwa, au ya kwenye chai, hakuna atakayechukia. Kukataa kabisa ndiko kunakokera.

Kila jioni andika kurasa mbili: safu ya kwanza swali la dodoso lilivyokuwa, safu ya pili nini kilitokea ulipolijadili na mwenyeji, safu ya tatu swali lilivyo sasa. Usiandike majibu ya watu binafsi, maana bado huna kibali cha hayo. Ukirudi chuoni, hiyo meza ya safu tatu ndiyo ripoti yako kwa mfadhili na ndiyo kiini cha ombi la marekebisho kwa kamati ya maadili. Ipeleke ndani ya wiki moja, kabla mihadhara haijakumeza. Kamati zinaweza kuchukua miezi, kwa hiyo siku ya mwisho kijijini usiahidi tarehe. Mpe Mtendaji namba yako ya simu, na mwambie utampigia hata kama jibu litakuwa bado.